Mume wangu anataka bogenvilia ya zambarau tupu mbele ya nyumba, mimi siitaki. Tupande nini?

MamaShani_Tanga

Habari zenu wapenda bustani. Naomba mawazo yenu kabla mvua za vuli hazijaanza, maana humu ndani tumefika mahali kila mtu anarudia lake.

Tuko Tanga mjini, upande wa kwenda baharini, tumehamia mwaka juzi. Kati ya baraza na uzio kuna kipande cha ardhi cha mita 14 kwa 4. Udongo ni wa kichanga, ukichimba kina cha goti unagonga jiwe la matumbawe. Jua linaingia tangu saa mbili asubuhi, na likifika saa tisa mwembe wa jirani unaanza kufunika pembe ya kushoto. Maji ya bomba yapo, ila si ya kumwagamwaga.

Mume wangu anataka kipande chote kiwe bogenvilia, rangi moja, ile ya zambarau inayokaribia wekundu, mstari mmoja ulionyooka kutoka geti mpaka mwisho. Mimi nataka mchanganyiko. Krotoni zenye majani ya njano na mekundu, haibiskasi nyekundu na ya pichi, ikzora chini yake, na yale maua madogo ambayo kichwa kimoja kina njano, chungwa na waridi kwa pamoja. Jirani ameahidi kunikatia vipandikizi. Mume wangu anasema bustani yangu itakuwa kama kanga za mtaa mzima zilizoanikwa kamba moja. Kwangu mimi hilo ni jambo zuri. Kanga zikianikwa nyingi ndipo ninaposimama kutazama.

Nieleze kwa nini siitaki bogenvilia yake, ili msidhani nabisha tu.

Nimezaliwa kwenye shamba la mkonge, baba alikuwa mfanyakazi wa korona, yaani kiwanda cha kukamulia nyuzi za mkonge. Tuliishi kambini, zile nyumba za mstari, chumba kimoja na jiko nje. Juu ya kilima ilikuwepo nyumba ya meneja, na kuizunguka pande zote bogenvilia ya zambarau iliyoshikana mpaka imempita mtu mzima kimo. Asubuhi ukitoka nje unaona kijivu cha mkonge kila upande, mistari na mistari, halafu kule juu rangi ile moja. Ilipendeza, sikatai. Siku moja nikiwa na miaka saba au minane, mpira wa makaratasi wa kaka yangu uliingia kule. Akanituma nipite chini kwa kuwa nilikuwa mwembamba. Nikakwama. Miiba ya bogenvilia imepinda, ukirudi nyuma ndiyo inazidi kukushika. Mlinzi akaja akanivuta mguu mpaka nikatoka, kovu ninalo juu ya kiwiko hadi leo. Baba akaitwa ofisini kwa ajili yangu. Hakunipiga. Alirudi amenyamaza, akakaa juu ya kinu kilichofunikwa kifudifudi, na jioni ile hakula.

Tangu hapo rangi ile naiona kuwa ya ua wa mtu mwingine. Siwezi kufungua dirisha kila asubuhi nikutane nayo.

Mume wangu sijamwambia hadithi hii. Nimemwambia tu kwamba ina miiba na wajukuu wataumia, naye ana jibu tayari: atakuwa anaikatia.

Mama mkwe tunaishi naye. Yeye hataki kuingia kati, anachotaka ni mwasumini chini ya dirisha la chumba chake.

Sasa naomba mniambie. Rangi nyingi pamoja ni fujo kweli, au ni macho ya mtu na mazoea yake? Na kwa udongo wa namna hii, kipi kitakaa na kipi kitanitia hasara?

Kitalu_Barabarani

Mama Shani, shikamoo. Mimi nauza miche pembeni ya Barabara ya Bagamoyo hapa Dar, huu mwaka wa kumi na moja. Naanza na udongo kwa sababu udongo hauna upande katika mabishano yenu.

Ikzora ndiyo itakayokuumiza. Inataka udongo wenye tindikali kidogo, na matumbawe ni chokaa. Ukiipanda chini hapo, miezi ya kwanza utafurahi, baadaye majani yataanza kugeuka njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Watu wakiona hivyo wanaongeza maji, inazidi. Kama unaipenda sana iweke kwenye vyungu vikubwa, ujaze udongo mwekundu wa kutoka mbali na mboji, uviweke barazani.

Krotoni itakaa vizuri, ila fahamu kwamba rangi yake inaletwa na jua. Ile pembe ya mwembe usiiweke kabisa, itarudi kijani na utadhani nimekuuzia kitu kingine. Pia usiitoe kivulini kwenye kitalu ukaipeleka juani siku hiyohiyo, itapukutisha majani. Izoeshe kidogokidogo, wiki mbili hivi. Na ukikata matawi vaa nguo ya kazi, utomvu wake ukikauka kwenye kitambaa doa halitoki.

Haibiskasi sawa. Ua moja linafunguka leo na kesho limesinyaa, lakini mti hauchoki kutoa. Wakija wadudu weupe kama pamba kwenye vikonyo, wafute mapema kwa maji ya sabuni.

Bogenvilia ya mzee, kwa udongo wako, ndiyo itakayoshinda zote. Asili yake Amerika Kusini, na inapenda shida. Kile tunachokiita ua ni majani matatu yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilicho katikati, na ndiyo maana rangi inadumu wiki nyingi wakati haibiskasi inadumu siku moja. Ukiipa maji kila jioni na samadi tele itakupa majani na miiba. Iache ione kiu, ndipo inaporipuka. Wateja wengi wananirudia wakilalamika kwamba mche ulikuwa umejaa maua kitaluni na nyumbani hauna kitu. Nikiuliza, wanaumwagilia kila siku.

Hilo la rangi nyingi au moja, nitasema ninavyoona mimi. Rangi moja ni ya kutazamwa kutoka barabarani, rangi nyingi ni za mtu aliyekaa karibu. Mtu akipita na gari anaona mstari mmoja wa rangi, vitu vitano vyote vinachanganyika machoni pake. Lakini wewe unayekunywa chai barazani, mita nne tu kutoka hapo, utaona kila jani. Kwa hiyo jiulize bustani hii inatazamwa na nani. Mimi nikipewa kazi hii ningeweka aina tatu, si tano, na kila aina iende kwa mafungu ya mitatu mitatu. Mche mmoja mmoja wa kila kitu ndio unaoleta ile sura ya kitalu, na kitalu ni mahali pa kuuzia.

Kama mnataka kitu cha tatu kinachovumilia chumvi ya bahari na chokaa, kuna oleanda ya waridi. Haina miiba.

Na mkienda kununua bogenvilia, nunueni ikiwa na maua. Rangi ya kuambiwa kwa mdomo msiikubali, hata kwangu.

Muuguzi_Korogwe

Oleanda hapana. Nyumba ina wajukuu. Jani, ua, kijiti, vyote vina sumu inayogusa moyo, na ile yenye maua ya njano yenye umbo la kengele, inayopandwa sana uani, ni hivyohivyo pamoja na mbegu zake. Watoto hucheza jikojiko, wanachuma majani wanapika, wanachokorea nyama kwa kijiti. Na kama mna mnyaa popote kwenye mpaka, wafundisheni watoto kwamba maziwa yake yakiingia jichoni ni kukimbilia hospitali, si kusubiri kesho.

Kitalu_Barabarani

Dada muuguzi umesema kweli, nilisahau habari ya wajukuu. Mama Shani, oleanda ifute.

Mkilua_Mombasa

Assalaam aleikum. Nimesoma yote na naona nyote mwazungumzia macho tu. Pua je?

Mimi nimezaliwa na nimekulia Mji wa Kale, nyumba zetu hazina uwanja wa mita 14, zina kiuani kidogo katikati na madebe ya maua. Mamangu, Mola amrehemu, hakuwa na mti hata mmoja wa rangi. Alikuwa na mwasumini, mrihani, na nyuma karibu na kisima mkilua. Ukiingia kutoka njiani saa kumi na mbili za jioni hukuona kitu cha ajabu, majani tu. Lakini ukifungua mlango ulijua umefika kwa nani.

Mkweo anajua anachokitaka. Asumini huchumwa alasiri zingali mafumba, zikatungwa, na zikafunguka usiku zikiwa nyweleni au juu ya mto wa kulalia. Asubuhi zishakwisha. Ni ua jeupe dogo, hakuna dereva wa gari atakayeligeukia, na wala halikupandwa kwa ajili yake. Rangi ni ya wapita njia, harufu ni ya wenye nyumba. Mimi hivyo ndivyo nilivyolelewa, na nikiona nyumba mpya zilizopangwa mabogenvilia nje na ndani hamna hata shina moja la asumini, naona wenyewe wamesahau kujiwekea fungu lao.

Na hiyo pembe ya mwembe ambayo nduguyetu wa kitalu amekukataza krotoni, hapo ndipo pa mkilua. Ni mti wetu wenyewe, wa misitu ya pwani hii ya Kenya na Tanzania, hauhitaji kusafirishwa kwa jahazi. Msituni huota chini ya miti mikubwa, basi kivuli cha mwembe hakitausumbua. Ua lake la kimanjano si la kujionyesha, lakini kilua kimoja ndani ya kikuba, kile kishada cha kunukia, pamoja na asumini na rihani, mtu atakinusa chumba cha pili.

Hizo krotoni sikupi ushauri. Sizipendi. Naziona kama mtu azungumzaye kwa sauti kubwa kutwa nzima. Lakini ni macho yangu hayo, nawe una yako.

Usambara_Kijani

Dada wa Tanga, nakuandikia kutoka Muheza, nimekulia chini ya Amani, kule milima ya Usambara. Sina neno na krotoni wala haibiskasi. Neno langu ni hayo maua madogo ya jirani, kichwa kimoja njano na waridi. Hiyo ni lantana. Tafadhali usiipande, na ukiweza mwombe jirani naye aing'oe.

Najua inavutia. Vijiua vya katikati ni vya njano, vinapozeeka vinabadilika rangi, ndiyo maana kichwa kimoja kinaonekana kama kimepakwa kwa mkono. Vipepeo wanaipenda. Lakini baadaye inatoa vitunda vyeusi, ndege wanavila, na mbegu zinadondoka popote ndege anapotua. Huku kwetu imejaa pembezoni mwa msitu na kwenye mashamba yaliyoachwa, inashikana mpaka mbuzi hapiti. Ng'ombe akiila ini linaharibika, na ngozi yake inaungua kwa jua. Imo katika orodha ya dunia ya viumbe 100 vibaya zaidi kwa kuvamia makazi ya vingine. Ukiipanda wewe Tanga mjini, huwezi kujua ndege ameipeleka wapi.

Naijua hadithi hii kwa sababu kwetu ndiko ilikofanyiwa majaribio mengi. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, wakaleta mimea kutoka kila bara kuona ipi itafaa. Mingine ilikaa pale ilipopandwa, mingine ilitembea yenyewe. Hata mkonge wa baba yako ulikuja kwa kuletwa, kabla hata ya kituo hicho. Mwaka 1893 ndipo ulipofika Tanga, asili yake Meksiko, na inasemwa miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Na mwaka huohuo wa 1893, ua dogo la zambarau kutoka misitu yetu hii liliandikwa kitaalamu huko Ujerumani na kuitwa Saintpaulia, jina la afisa wa Kijerumani aliyelipeleka. Leo linakaa madirishani mwa watu Ulaya na Marekani kwenye vikopo. Kwetu linaota kwenye mwamba wenye unyevu, kivulini, na vijana wengi wa Tanga hawajaliona hata mara moja.

Nimelitaja kwa sababu ya kile ulichosema kuhusu zambarau. Zambarau ya kwanza niliyoijua mimi ni ile, chini ya jiwe, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Kwa hiyo rangi hiyohiyo mimi naiona ya siri na ya upole. Ndiyo maana sitaki kukwambia una haki au huna, kila mmoja amekutana nayo mahali pake.

Bustani yangu mimi ni ya kijani karibu yote. Nimechoka rangi nikiwa kijana, nilifanya kazi ya kukatia bustani za watu.

Mtanga_Muscat

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko Muscat mwaka wa 22. Nasimama na mzee.

Nilipokuwa nyumbani bogenvilia sikuiona, ilikuwepo tu kama mavumbi yalivyo. Huku milima ni ya kahawia isiyo na mti, nyumba karibu zote ni nyeupe au rangi ya maziwa, na kiangazi joto linapita nyuzi 40. Katikati ya hayo, kandokando ya barabara, bogenvilia imesimama na rangi yake. Rangi moja. Macho yanapumzika hapo. Wakichanganya nyeupe, chungwa na nyekundu kwenye mzunguko mmoja wa barabara mimi sioni kitu tena.

Lakini nina swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Huo uzio wenu ni wa rangi gani? Kwa sababu hapa nimejifunza kwamba ua halina rangi peke yake, linapewa na kilicho nyuma yake. Zambarau mbele ya ukuta mweupe ni kitu kimoja. Mbele ya tofali jekundu inakuwa kidonda.

MamaShani_Tanga

Nawashukuru wote, nimesoma mara mbili mbili.

Mkilua_Mombasa, shikamoo mama. Mama mkwe nimemsomea maneno yako, akasema, "Huyo amelelewa." Ameniuliza kama unatoka kwa watu fulani wa Kibokoni, nikamwambia sijui.

Usambara_Kijani, lantana sitaipanda. Kumwambia jirani ndiyo kazi, maana vipandikizi alishaviloweka kwenye ndoo kwa ajili yangu. Nitaanza na habari ya ng'ombe, ana ndugu zake wafugaji Handeni.

Mtanga_Muscat, swali lako limenikalisha. Uzio ni wa tofali za saruji, haujapigwa lipu. Ni kijivu. Nimesoma swali lako nikiwa barazani, nikainua macho, nikaona kijivu kimenyooka mita 14, nikaweka ile zambarau mbele yake kwa mawazo tu. Ni kilima kile kile. Mkonge na ua wa meneja. Nilikuwa nadhani naichukia rangi, kumbe nilishaiona imekaa mahali pake tayari.

Ikabidi nimweleze mume wangu. Jana usiku baada ya isha tulikaa nje nikamhadithia yote, mpira, mlinzi, baba yangu na kinu. Miaka 29 ya ndoa na kovu amekuwa akiliona, alikuwa anadhani ni la kuungua. Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniambia lake, ambalo nami sikuwahi kulisikia.

Baba yake alikuwa mtu wa reli, alikaa stesheni ndogo kati ya Korogwe na Mombo. Familia ilibaki kijijini, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na mara moja kwa mwezi mama yake alimchukua kwenda kumwona baba. Stesheni yenyewe ilikuwa kibanda na tangi la maji, lakini mtu fulani alikuwa amepanda bogenvilia ya zambarau mwanzo wa jukwaa, imeegemea nguzo. Wakitoka kwenye kona ya mwisho ya njia, kabla hajaona paa wala baba, anaona rangi ile, na mama yake anamwambia sasa unaweza kukimbia.

Huyu ndiye mtu niliyekuwa nabishana naye kuhusu miiba na wajukuu.

Sasa sijui nifanye nini. Siwezi kumnyima, na bado siwezi kuamka niione imejipanga mita 14. Nipeni mawazo.

Fundi_Bustani_Moshi

Mama, pole na hongera. Mimi natoka Uchagani, kwetu mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, tunauweka kwa masale. Hayana ua la maana, majani ya kijani tu, lakini mtu akikuletea sale mkononi amekuja kuomba msamaha na huwezi kumfukuza. Ninachosema ni kwamba mmea kwenye mpaka unasema kitu, hata kama aliyeupanda hakukusudia. Bogenvilia ikiwa mstari inasema usipite. Ikiwa moja, imeegemea nguzo, penye mlango, inasema umefika. Mzee mwenyewe ameshakwambia namna ya kuipanda: stesheni ile haikuwa na ua wa bogenvilia, ilikuwa na shina moja na nguzo.

Kikazi: shina moja, mbali kidogo na nguzo ya geti, kama mita moja ndani. Funga tawi moja kuu kwenye nguzo, mengine yote ya chini uyatoe mpaka limpite mtu kichwa, ndipo uliache lijitawanye. Hivyo miiba yote inakuwa juu, wajukuu wanapita chini. Kila likimaliza kuchanua likatieni, maua yanakuja kwenye chipukizi changa.

Kitalu_Barabarani

Fundi amemaliza. Mimi naongeza kimoja, ukuta upakeni chokaa nyeupe kabla ya kupanda, siyo baada. Baada ya hapo mtakuwa mnapaka majani.

MamaShani_Tanga

Narudi kuwapa habari, maana si vizuri kuuliza halafu kunyamaza.

Chokaa tumepaka, wajukuu wakubwa wawili na mimi, siku mbili. Uzio mweupe umebadilisha hata baraza, jioni kunakuwa na mwanga ambao haukuwepo. Kisha Jumamosi tukaenda kitaluni tukiwa wote watatu. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha muuzaji, akanusa miche ya asumini mmoja baada ya mwingine ingawa haikuwa na maua, akachagua wenyewe.

Bogenvilia tumechukua moja. Nilijaribu kumwelekeza kwenye nyeupe, akaitazama kwa heshima, akasema hiyo si yenyewe. Nikamshika mkono twende kwenye zambarau. Alichagua ile iliyokuwa na maua machache kuliko zote lakini shina limenyooka, maana Fundi amesema tawi moja kuu. Imepandwa ndani ya geti kama mlivyosema. Nikiwa dirishani siioni. Naiona nikitoka sokoni, nikikata kona ya msikiti, na wiki hii yote nimejikuta naitafuta kabla sijaitafuta nyumba.

Krotoni ni tisa, mafungu matatu, za njano katikati na nyekundu pembeni. Haibiskasi mbili. Ikzora ziko kwenye vyungu viwili barazani, udongo mwekundu nimeletewa na kaka kutoka Muheza kwenye viroba. Jirani wa lantana alinuna siku nne, halafu akaja mwenyewe kuuliza kama ni kweli ng'ombe anaungua. Yake bado ipo. Mume wangu bado anasema bogenvilia moja ni chache kwa mita 14, na juzi nilimkuta anapima kwa hatua kutoka geti kwenda kulia. Nimemwona, amejua nimemwona, tumeiacha hivyo kwa sasa.

Kimebaki kitu kimoja. Pembe ya mwembe iko wazi, nimeshachimba shimo na kuweka mboji, lakini vitalu vitatu vya hapa mjini wote wananiuliza mkilua ndio nini. Kama kuna mtu Tanga, Pangani au hata Lungalunga mwenye mche, au anayejua kwa nani upo, naomba aniambie hapa. Mama mkwe anauliza kila asubuhi.